Vyenye Alama ya Kujumlisha

Miaka ya Hali ya Hatari nilikuwa mtunza stoo wa maabara katika shule moja ya misheni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Karurumo. Kazi hiyo niliipata kwa sifa moja tu, kwamba nilihesabu kila kitu mara mbili. Bilauri za kioo, arubaini na nane. Nahesabu tena, arubaini na nane. Hesabu ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya yule ambaye siku moja angekuja kunishuku. Wakati ule kila mtu alikuwa na wa kumshuku. Sisi wenyewe tulihesabiwa asubuhi tukitoka getini kijijini na jioni tukirudi, na aliyetuhesabu hakuwa hodari, kwa hiyo mara nyingine tulikuwa wengi zaidi jioni kuliko asubuhi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Masomo niliyaacha karo ilipoisha, nikakaa sokoni nikiuza ugoro wa mama, na huko nilijifunza bei ya kitu na bei ya uso wa anayekiuliza. Nilipopata kazi ya stoo nikamwomba mwalimu wa kemia aniruhusu nikae nyuma ya darasa. Akaniruhusu. Mwaka wa tatu akaniandikisha kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wanafunzi wake. Wao walikuwa wanane, mimi wa tisa. Hospitali moja ya Meru ilikuwa inatafuta wasaidizi wa maabara, na haikutaka kujua unahesabu vipi. Ilitaka cheti chenye kemia ndani yake. Mtihani huo haukuwa na marudio kwa mtu wa umri wangu.

Mwalimu alikuwa mtu wa Mikinduri, amesomea Uganda, mwembamba, mwenye kola safi hata siku tulizolazimishwa kuchimba mtaro wa kuzungushia kijiji. Kosa lake lilikuwa ukweli. Ukimuuliza kama chai imepoa, alikuwa anakujibu kwa digrii.

Ukutani mwa maabara alikuwa amebandika jedwali alilolichora mwenyewe kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya manila. Lilipanga dutu kwa nguvu ya kunyang'anya elektroni, kali juu, dhaifu chini, na mbele ya kila moja kipimo chake cha volti. Katikati ilikuwa hidrojeni, ambayo ni sifuri. Juu ya sifuri, zenye alama ya kujumlisha, zilikaa zile zinazopokonya: pamanganeti karibu na kilele, klorini chini yake, kisha dikromati, halafu naitreti, na iodini huko karibu na shaba. Chini ya sifuri, zenye alama ya kutoa, zilikaa metali zinazotoa elektroni zao bila kubembelezwa sana: risasi, bati, chuma, zinki, alumini, na magnesi, ambayo ni mgawaji kupita wote.

Wanafunzi walikariri. Mimi sikukariri kwa sababu nililijua jambo lile tangu sokoni. Wakikutana wawili, aliye juu anachukua kwa aliye chini, na kadiri walivyoachana ndivyo mapatano yanavyokwisha haraka. Mwalimu alipomimina maji ya klorini kwenye iodidi na ile chupa nyeupe ikageuka rangi ya chai ya rangi, akauliza nini kimetokea. Nikasema, "Klorini amemnyang'anya mwenzake, na mwenzake amebaki uchi." Wanafunzi wakacheka. Mwalimu akasema, "Lugha si nzuri, lakini jibu ni sahihi."

Wiki tano kabla ya mtihani akaja afisa kijana wa kizungu kutoka boma la Embu. Kulikuwa na amri ya kukusanya kutoka shuleni kila kemikali inayosaidia moto, zisije zikawafikia wapiganaji wa msituni. Amri haikuwa ya kipumbavu. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma kemia kidogo kwao, na hicho kidogo ndicho kilichotuponza. Alisimama mbele ya jedwali la ukutani, mikono nyuma.

"Hizi za juu ndizo zenye nguvu ya kuunguza?"

Mwalimu akajibu kwamba ndizo zinazooksidisha, na ndiyo, juu ni kali.

"Vizuri sana. Basi kila chenye alama ya kujumlisha kinakwenda. Alhamisi nitaleta lori."

Akaandika kwenye daftari lake, akashukuru, akaondoka. Hakukaa hata dakika kumi.

Mimi nilibaki nikiangalia chupa ya pamanganeti, zile punje za zambarau ambazo zahanati huoshea vidonda. Mtihani wa vitendo, mwaka nenda mwaka rudi, ulikuwa wa pamanganeti na bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia tone kwa tone. Bila ile chupa hakuna mtihani. Kuagiza nyingine Nairobi kulihitaji barua, kibali, na miezi miwili, na wakati huo hata kwenda Runyenjes kulihitaji pasi ya kusafiri.

"Mwalimu," nikamwambia, "hili jedwali haliwezi kupangwa namna nyingine?"

"Namna gani nyingine?"

"Pamanganeti ishuke kidogo. Chini ya sifuri tu, kwa wiki tano. Halafu ipande."

"Volti hazipandi na kushuka kwa ajili yako."

"Kila bei inashuka, mwalimu, ukijua pa kusimama."

"Hii si bei. Toka nje ukahesabu kitu."

Nikaenda stoo nikahesabu vitabu. Vilikuwa kumi na saba. Mara ya pili pia kumi na saba, lakini mara hii nilivifungua. Kimoja kilikuwa cha Kimarekani, zawadi ya mmisionari aliyekwisha kurudi kwao, na hakuna aliyekisoma. Mwisho wa kitabu palikuwa na jedwali kama la mwalimu, dutu zile zile, tarakimu zile zile. Pamanganeti, moja nukta tano moja. Zinki, sifuri nukta saba sita. Ila alama zilikuwa zimepinduliwa. Penye kujumlisha katika jedwali la mwalimu, hapa pana kutoa. Zinki ilikuwa na kujumlisha. Pamanganeti ilikuwa na kutoa, tena kubwa.

Nilidhani mchapaji alikuwa mlevi. Nikampelekea mwalimu, naye akalitazama bila kushangaa.

"Si makosa," akasema. "Waingereza wanapima nguvu ya kupokea. Wamarekani wanapima nguvu ya kutoa. Mpangilio ni ule ule, mtu amesimama upande wa pili tu."

"Kama muuzaji na mnunuzi. Anachoandika huyu kimeingia, yule anaandika kimetoka."

"Ndiyo. Ni desturi tu. Wataalamu wanabishana mpaka leo ipi ifuatwe."

"Na zote mbili ni kweli?"

"Zote mbili ni kweli."

Nikakifunga kitabu polepole, maana mtu kama yule humsukumi. Halafu nikasema, "Mwalimu, mimi sikuombi uongo. Nakuomba kitabu kingine."

Akakichukua kile kitabu akaenda nacho. Jumatano hakunisemesha kabisa. Alhamisi asubuhi nilipofungua maabara, ukutani palikuwa na karatasi mpya ya manila, wino bado unanukia. Magnesi ilikuwa juu na kujumlisha kwake. Pamanganeti ilikuwa chini karibu na sakafu. Na chini kabisa, kwa herufi safi za kusomeka, alikuwa ameandika kwamba jedwali hili limefuata desturi ya vitabu vya Amerika, na kwamba anayetaka desturi ya Uingereza ageuze alama. Hakutaka kumficha mtu. Ila hakuwa na wajibu wa kumsomea.

Afisa hakuja. Alimtuma sajenti mmoja Mkamba na askari wawili, na karatasi yenye amri: kila kemikali yenye alama ya kujumlisha katika jedwali la mwalimu. Sajenti alikuwa mtu mzima, mpole, aliyechoka na lori. Akalisoma jedwali kidole kikifuata kila mstari, na mimi nikawa namtolea chupa. Utepe wa magnesi. Karatasi ya alumini. Punje za zinki, chupa mbili. Unga wa chuma. Bati. Risasi.

"Alumini," akasema sajenti, akasimama. "Sufuria za jikoni si alumini hizo?"

"Ni alumini, afande."

"Zina kujumlisha basi."

"Zinayo, afande. Lakini zina maharagwe pia."

Akafikiri. Askari mmoja akamwambia, "Chuma nacho kimeandikwa hapo, afande. Tukichukua chuma chote, tutalikamata lori letu wenyewe."

"Na hiyo bunduki yako," akasema sajenti. "Tunachukua chupa. Sufuria siyo chupa."

Nikahesabu chupa mbele yake, saba, nikahesabu tena, saba, akatia sahihi. Nilikuwa tayari nimefungua mlango ili waondoke salama, mwalimu alipotoka stoo amebeba kopo la naitreti ya potasi, ile ya kutengenezea baruti.

"Hii pia ichukueni," akasema. "Katika vitu vyote vya humu, hii ndiyo sipendi ikae karibu na watu wabaya."

Sajenti akaangalia ukuta. "Ina alama ya kujumlisha?"

"Katika jedwali hili, hapana. Lakini—"

"Basi si yangu, mwalimu. Nikipeleka kisichoandikwa nitaulizwa nimekitoa wapi."

Wakaondoka. Mwalimu akalikoroga kopo zima katika ndoo tatu za maji, akazimwaga mwenyewe kwenye migomba ya shule, shimo kwa shimo, mimi nikimshikia ndoo. Nilikuwa nimenunua pamanganeti kwa chupa saba za metali, na nilijiona nimepata kwa bei nzuri.

Afisa alihamishiwa Nyeri kabla ya kuja kuuliza. Hilo lilikuwa bahati, sikulifanyia kazi.

Siku saba kabla ya mtihani, kwa kanuni, mwalimu alifungua bahasha ya siri inayomweleza vifaa vya kuandaa. Mtahiniwa hakuruhusiwa kuiona, kwa hiyo wiki hiyo nilimkabidhi funguo za stoo nikakaa nje. Aliingia na bahasha. Akakaa. Akatoka, akaja hadi kwenye ngazi nilipokuwa nimekaa, uso umekuwa wa jivu.

"Zile chupa saba," akasema.

Hapo nikaelewa kwamba kimoja kati ya vitu nilivyovitoa mlangoni kwa mkono wangu kilikuwa ndani ya bahasha. Pamanganeti tulikuwa nayo, na hatukuwa na mwenzake. Wengine wanane hawakuwa wamefanya biashara yoyote na mtu. Mimi ndiye niliyefanya kwa niaba yao.

Mwalimu akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Usiniambie ni ipi."

"Bila kukuambia utaitafutaje?"

"Niagize zote. Ukinitajia moja, nitakuwa najua jambo ambalo wale wanane hawalijui, na wewe utaniondoa kwenye mtihani. Nakujua."

"Ningekuondoa," akakubali.

Akaandika kwenye kipande cha karatasi: magnesi, alumini, zinki, chuma, bati, risasi. Akaipanga kama jedwali, hata kwa shida ile.

Chuma ilikuwa misumari. Alumini ilikuwa sufuria iliyotoboka, mpishi akanipa kwa sharti kwamba nisimwambie mtu imetobokaje. Bati nililipata kwa fundi wa vibatari, kipande cha waya wake wa kulehemu, kimechanganyika lakini chatosha. Risasi sikuiulizia kwa jina. Mwaka ule ukipita Karurumo ukiuliza nani ana risasi, ungejibiwa na hakimu. Niling'oa kofia laini za misumari ya mabati kwenye paa la zizi la shule, nikaziba matundu kwa lami. Magnesi haikuwepo Embu nzima, na kila nilipoikumbuka nilijiona nimekaa chumba cha mtihani nikiangalia mahali pake patupu.

Zinki ilikuwa ndani ya mawe ya tochi, yaani betri zake. Jiwe la tochi ukilichana, lile kopo lake ni zinki tupu. Mwenye mawe mengi kuliko sote alikuwa koplo wa homgadi, wale walinzi wa kijiji wa serikali, katika kituo kilichokuwa ng'ambo ya mtaro, maana wao walipewa tochi za doria. Nilikwenda saa nane mchana. Mawe yalikuwa juu ya mabati yamepangwa mistari miwili, yanaota jua. Huko kwetu jiwe halifi mara moja. Likichoka linaanikwa, linapata nguvu ya siku mbili, linaanikwa tena.

Nikayahesabu kwa macho. Kumi na nne. Nikayahesabu tena.

"Koplo, haya uliyoyatupa juu ya bati, naweza kuokota?"

"Nani ametupa? Hayo yamelala."

"Yamelala tangu lini?"

"Wewe karani, jiwe ni kama mzee. Ukiliacha kwenye jua linakumbuka mambo."

"Hilo la tatu limeshatoa uji ubavuni, koplo. Halikumbuki kitu."

Akalichukua, akaligeuza, akalirudisha. "Unataka ya nini?"

"Mwalimu anataka makopo yake ya nje. Ya kufundishia." Huo ulikuwa ukweli, kwa kipimo cha Kimarekani.

Koplo akanitazama. Alikuwa na uwezo wa kuninyima, na pia wa kuniweka ndani nikamweleze mtu mwingine. Kisha akaniuliza kama mwandiko wangu ni mzuri. Mkwe wake wa huko Kibugu alikuwa anadai mbuzi ambao yeye anaapa kuwa alishawapeleka, na mkwe alikuwa ameajiri mtu wa kumwandikia barua, barua kali, zenye Biblia ndani.

"Barua moja, mawe matano," nikasema.

"Barua mbili, mawe sita."

"Barua mbili zenye Biblia, mawe kumi na mawili. Yale mawili mazima yabaki na tochi yako."

"Biblia yenyewe iwe ya mbuzi."

"Laban na Yakobo. Mkwe aliyebadilisha ujira mara kumi."

Akaanza kuyashusha mawe mwenyewe. Niliandika barua zile pale pale kwenye goti langu, na ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Nilimpelekea mwalimu vitu vitano kati ya sita. Akavipokea, akafunga mlango, na uso wake haukuniambia kitu. Nilikaa siku tano nikiwaza magnesi.

Siku ya mtihani nilikaa meza ya tisa, karibu na dirisha. Mbele yangu palikuwa na bureti, chupa ya pamanganeti iliyoyeyushwa, chupa ya chumvi ya chuma ya rangi ya manjano, na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Nikakifunua. Vipande vya metali ya kijivu, vimekatwa vidogo, vimeoshwa vizuri. Kwenye mkunjo wa kimoja palikuwa na doa jeusi ambalo sabuni haikulifikia.

Karatasi ya maswali ilisema: chemsha chumvi na zinki na asidi mpaka umanjano uishe, chuja kwa pamba, kisha pima kwa pamanganeti. Yaani zinki aliye chini amgawie chuma elektroni, halafu pamanganeti aliye juu aje amnyang'anye, na wewe uhesabu amechukua ngapi. Vipimo viwili vikubaliane, ndiyo jibu.

Kipimo cha kwanza: ishirini na mbili nukta nne. Waridi ilikaa, haikufutika.

Kipimo cha pili: ishirini na mbili nukta tisa. Waridi ilikuja, ikafutika, ikaja, ikafutika, kama mteja anayerudi mlangoni.

Nusu nzima ya tofauti. Kwa mtu kama mimi hiyo ni aibu, na kwa msahihishaji ni sifuri. Chumvi iliyobaki ilitosha kipimo kimoja. Muda ulibaki dakika ishirini na tano. Nikirudia nikapata tarakimu ya tatu tofauti na zote mbili, ningekuwa na hesabu tatu na jibu hakuna.

Sikugusa kitu. Nikakaa nikajiuliza lile la sokoni, nani amechukua kwa nani. Pamanganeti alikuwa amekunywa zaidi kuliko deni la chuma. Kwa hiyo kulikuwa na mtu anayemrudishia chuma kila anaponyang'anywa. Nikainua chupa ya pili kwenye mwanga wa dirisha. Chini, pembeni, palikuwa na chembe moja inayong'aa, ndogo kuliko punje ya wimbi, bado inatoa mapovu. Zinki ya koplo ilikuwa imepenya pamba.

Safari ya tatu nikashindilia pamba mara mbili, nikachuja polepole mpaka jirani yangu akanikodolea macho. Nikafungua bureti, tone baada ya tone. Waridi ikaja kwenye ishirini na mbili nukta nne. Nikasubiri. Ikakaa.

Niliandika vipimo vyote vitatu. Cha pili nilikikata mstari mmoja, nikaandika pembeni: zinki imepita kwenye chujio. Msimamizi akapiga kengele nikiwa naweka nukta.

Nje, mwalimu alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono mfukoni, anajifanya anaangalia mawingu ya mlimani.

"Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na mbili nukta nne."

"Mara moja?"

"Ya kwanza na ya tatu."

"Na ya pili?"

"Ya pili ilikuwa na tochi ndani."

Akatikisa kichwa, akaingia kwenda kukusanya vyombo. Baadaye aliniambia kwamba wawili kati ya wale wanane walipata tarakimu mbili tofauti wakaandika wastani wake, na kwamba hilo lilimuuma kuliko chupa saba. Nilimwambia lilikuwa kosa langu. Hakunibishia. Akasema tu kwamba pamba ilikuwa yake.

Majibu yalifika mwaka uliofuata, kwa basi la posta, bahasha moja kwa wote tisa. Wale wawili walianguka kemia. Mmoja alirudia shule nyingine, mwingine sijui. Mimi nilipita kwa krediti. Jumatatu nikapanga foleni kwa chifu kuomba pasi ya kwenda Meru, safari ya kwenda tu, na aliponiuliza nakwenda kufanya nini nikamwambia nakwenda kupima damu za watu.